Baba Hakuwa Anaomba Chai

Baba yangu aliuawa na chai.

Msianze kuwaza mbali, haikuwa na sumu. Chai ya kawaida tu, ya maziwa, imekolea sukari, imepikwa na mke wake, naye akanyweshwa kwa mikono ya watoto wake.

Na mpaka anakata roho, hakuwahi kuiomba hata siku moja.

Nimelibeba hili jambo kifuani mpaka limeanza kunikaba. Leo naliweka hapa, atakayejifunza ajifunze.

Baba alikuwa mwalimu wa Kiingereza na muziki kwenye shule moja ya sekondari. Jioni aliongoza kwaya, wazee kwa vijana. Alikuwa mtu wa shati la pasi kali, mistari imenyooka kama imechorwa kwa rula. Na kwenye matamshi ya Kiingereza mzee hakuwa na mchezo kabisa. Ukiongeza "i" mwisho wa neno pale nyumbani kwetu, ujue chakula utakula kimepoa.

Lakini lilikuwepo neno moja lililotutoa jasho kuliko yote.

Jina la mtunzi mmoja wa muziki, Mrusi wa zamani. Chaikovski.

Mimi ninavyoliandika hapa ni rahisi. Kwa Kiingereza linaanza na T. Baba aliliandika kwenye ubao mdogo uliokuwa sebuleni, akasimama pembeni na chaki.

"Hiyo T imelala," alikuwa anatuambia. "Usiiamshe."

Halafu ile v ya katikati usiisome v, isikike kama f. Na nguvu ya sauti uiweke hapo hapo katikati, kwenye "kof". Na mwisho usiseme "siki" kama mtu anayeuza siki dukani.

Mimi na mdogo wangu tulisimama mbele ya ule ubao tukirudia. Ukikosea, unarudia. Ukilia, unarudia huku unalia.

Siku moja mdogo wangu akachoka, akamuuliza hivi huyu Mrusi atatusaidia nini sisi maishani. Nikajua leo tumekwisha. Baba hakukasirika. Alisema ipo siku tutaambiwa tusimame mbele za watu tulisome lile jina, na yeye hataki mtu atucheke.

Mama, likishatajwa tu hilo jina, aliinuka na kwenda jikoni. Nilidhani limemchosha kama lilivyotuchosha sisi.

Miaka ikaenda. Nikawa mtu mzima, nikapata kazi kwenye duka la dawa, bado nikiishi nyumbani. Mdogo wangu akawa dereva wa lori la masafa marefu. Baba akastaafu, kichwa cheupe pee, lakini kwaya hakuiacha.

Asubuhi moja tukasikia kishindo bafuni.

Mdogo wangu, ambaye kwa bahati alikuwa amerudi safari, aliuvunja mlango kwa bega. Baba alikuwa chini, mdomo umekwenda upande, maji ya bomba bado yanamwagika.

Kiharusi.

Mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi. Na sauti ikapotea. Mtu aliyeishi kwa mdomo wake maisha yote alilazwa pale hospitali anatutazama tu, macho yanazungumza, mdomo umekataa.

Tukakaa naye zamu kwa zamu. Ikafika siku, Mama amekaa pembeni ya kitanda, mimi nakunja shuka, tukasikia:

"Chai."

Jamani, furaha ya siku ile siwezi kuieleza. Nilikimbia kumwita muuguzi. Mdogo wangu nilimpigia akiwa barabarani, akaegesha lori akalia. Mzee kaongea. Mzee anataka chai.

Mama hakulia wala hakucheka. Alisimama, akachukua chupa ya chai, akatoka kwenda kuitafuta.

Muuguzi akatuonya mapema. Alisema kumeza kwa Baba kumeharibika, kinywaji chepesi kinaweza kupotea njia kikaingia kwenye mapafu. Akatupa unga wa kukazia vinywaji. Akatuambia tumketishe wima, tumpe kwa kijiko kidogo kidogo, tusimkimbize.

Tukarudi naye nyumbani.

"Chai," asubuhi. "Chai," mchana. "Chai," jua likizama.

Tunampelekea. Anapokea kijiko kimoja, viwili, anakisukuma kile kikombe kwa mkono wake wa kushoto. Machozi yanamtoka.

Tukasema labda sukari ndogo. Tukaongeza. Labda maziwa mengi. Tukapunguza. Mdogo wangu kila akitoka safari analeta majani mapya, ya mji huu na ya mji ule, utadhani anafungua duka. Baba anaonja, anasukuma, analia.

Mama akasema ugonjwa huu ndivyo ulivyo, unawaliza wanaume.

Ule unga nao ukawa kesi. Ukiutia, chai inakuwa nzito kama uji, na Baba anaitema. Siku moja nikakuta kopo limewekwa juu kabisa ya kabati, nyuma ya masufuria. Nikamuuliza Mama. Akaniambia mume wake atakunywa chai ya binadamu, si gundi.

Na mimi, muuza dawa mzima, nikanyamaza. Kwa mama yako utasema nini?

Kliniki alikuwepo dada mmoja, kazi yake kuwafundisha kuongea watu waliopatwa na kiharusi. Kijana mdogo, mpole. Alivuta kiti akakaa uso kwa uso na Baba.

"Mzee, unataka chai?"

Baba akatikisa kichwa. Hapana.

Nikashtuka. Muda wote ule hakuna mmoja wetu aliyewahi kumuuliza hivyo. Tulikuwa tunasikia "chai", tunakwenda jikoni.

Yule dada akaendelea taratibu. "Hilo neno lako ni refu kuliko tunavyolisikia?"

Baba akamshika mkono, akamng'ang'ania mpaka tukamsaidia kuuachanisha.

Yule dada akatueleza kwamba wagonjwa wa aina hii neno hukatikia njiani. Likatokeza kichwa, mwili ukabaki ndani. Akasema dawa yake ni kumsubiri. Tusimmalizie.

Tukiwa njiani Mama akasema yule ni mtoto wa juzi, atamfundisha nini kuhusu mwanamume aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hii.

Lakini mimi lile neno "tusimmalizie" lilinikaa.

Nikavizia siku Mama ametoka kununua mahitaji. Nikakaa kitandani kwa Baba, nikafunga mdomo wangu.

"Chai," akasema.

Nikakaa kimya.

"Chai."

Kimya. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso. Midomo inahangaika kama mtu anayesukuma gari lililokwama.

"Chai... kof."

Nikasogeza sikio karibu na mdomo wake.

Nikamuuliza kwa sauti ya kunong'ona, "Baba, ni Chaikovski?"

Akafumba macho. Akatikisa kichwa chini juu, chini juu, kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Nikashika simu nitafute muziki wake. Kwa haraka nikaandika linavyosikika, nikaletewa matangazo ya birika na majani ya chai. Ndipo nikakumbuka ile T iliyolala. Nikaiandika, na muziki ukapatikana.

Vinanda vilipoanza, Baba aliusikiliza akilia bila sauti. Halafu akainua mkono wake mzima akaonyesha mlango.

Wakati huohuo Mama akaingia na kikapu. Alisimama pale mlangoni, akamtazama Baba, akaitazama simu, akanitazama mimi. Sijawahi kuuona uso wake vile. Nilidhani ni uchungu wa kugundua mume wake aliteseka muda wote kwa kitu kidogo hivyo.

"Kumbe alitaka muziki," akasema. "Basi mpigie muziki."

Nikavimba kichwa. Nikawaandikia ndugu kwenye kundi letu la simu kwamba nimetegua kitendawili. Sifa zikamiminika. Mdogo wangu akatuma hela tukanunua spika, tukaiweka juu ya meza ya dawa.

Tangu hapo ikawa Mrusi kutwa, na chai juu yake.

Ila Baba hakutulia.

"Chai... kof," na mkono mlangoni. Namwongezea sauti, anatikisa kichwa. Nabadilisha wimbo, anatikisa kichwa. Mama akasema anataka upepo. Tukafungua mlango. Tukafungua na madirisha. Mkono bado uko pale pale umenyooka, unatetemeka.

Wanakwaya wake walikuja kumwona. Mama aliwapokea nje, akawaambia daktari amekataza wageni. Sikumbuki daktari kusema hivyo, lakini nyumba yenye mgonjwa ina mambo mengi, nikaliacha lipite.

Halafu kikaja kikohozi. Kikafuatiwa na homa. Kifua kikawa kinakoroma kama sufuria inayochemka.

Hospitali daktari alisikiliza mapafu yake, akageuka kwetu.

"Amekuwa anakunywa nini?"

Mama aliinama akatengeneza shuka ambalo lilikuwa limetengenezeka.

Baba hakutoka tena. Alikufa Mama amemshika mkono, na mimi nikiwa miguuni. Alijaribu neno lake kwa mara ya mwisho, safari hii hata "chai" haikufika. Ilitoka pumzi tu.

Siku ya mazishi nyumba ilijaa. Wanafunzi wake wa zamani, wengine wazee tayari. Kwaya ikaimba mpaka ikakaukiwa sauti.

Jeneza likiwa bado sebuleni, akaingia mzee mmoja wa kwaya, yule wa sauti nzito tuliyemwita Mzee Besi. Nyuma yake alikuwepo mwanamke wa makamo, mrefu, kilemba cheusi, mikono ameifumbata mbele.

Nilipomtazama sikuweza kuondoa macho. Paji la uso lile. Na namna alivyoinamisha kichwa upande mmoja, kama anasikiliza kitu cha mbali. Baba alikuwa anasimama vile vile mbele ya kwaya yake.

Mzee Besi akamgeukia.

"Chaikovski, njoo usalimie wadogo zako."

Mdogo wangu alitabasamu, akadhani mzee wa watu umri umemchanganya. Mimi nilishika ukingo wa meza.

Mzee Besi akatuangalia mmoja mmoja. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba hatukujua.

Akatuvuta pembeni, akatueleza. Yule ni dada yetu. Baba alimzaa kabla hajamwoa Mama, na mwanamke aliyemzaa alifariki wakati wa kujifungua. Dada aliishi humu humu ndani mpaka nilipoanza kutembea mimi, kisha akapelekwa kwa bibi yake mzaa mama. Baada ya hapo hakutajwa tena. Wanakwaya wa zamani wote walijua, na wote walifunga mdomo, kwa sababu Baba mwenyewe aliwaomba.

Na jina?

Akasema Baba aliwahi kuandaa onyesho kubwa, wamealikwa wageni wa heshima. Binti yake akapewa kazi ya kutangaza nyimbo kwa Kiingereza. Alikuwa mdogo, amevaa gauni jeupe. Alipofika kwenye jina la Mrusi akalisoma kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi: Ti-cha-i-ko-vu-siki.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mtoto akaganda pale jukwaani. Baba akaiacha kwaya yake imesimama, akapanda, akapiga magoti pembeni ya binti yake, akalisema lile jina naye polepole, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka ukumbi ukawa kimya. Tangu siku hiyo hakumwita tena jina lake la kuzaliwa. Alimwita Chaikovski.

Nilimwacha Mzee Besi bado anaongea. Nikaenda jikoni.

Mama alikuwa peke yake, anasuuza vikombe vya wageni.

"Mama, ulijua?"

Hakugeuka. Alisuuza kikombe kimoja, akakifunika. Akachukua kingine.

"Tangu neno la kwanza," akasema. "Pale hospitali."

Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

Akanieleza akiwa amenipa mgongo. Aliolewa binti mdogo akamkuta yule mtoto ndani, baba na mwana wamepakwa gundi. Wanaimba pamoja, wanacheka kwa vichekesho vyao, yeye yupo pembeni kama mpangaji. Nilipozaliwa mimi akadhani sasa ni zamu yake. Baba akamleta yule binti aniimbie, na mimi nikawa sinyamazi mpaka anibebe yeye. Mama akaona hata mimi amenyang'anywa. Akamwambia Baba achague, yule aondoke au yeye aondoke.

"Mimi nilisema," akasema. "Lakini yeye ndiye aliyemshika mkono akampeleka. Usinitupie mimi peke yangu."

Nikamuuliza mbona alipougua hakumwita. Kosa lingekuwa nini, mtu yuko kitandani.

Hapo akageuka. Macho makavu.

"Amepoteza maneno yote duniani, limebaki moja. Halikuwa langu. Halikuwa lako. Lilikuwa la yule." Akafuta mikono kwenye kanga. "Nilimpa chai kwa sababu chai ndiyo niliyokuwa nayo."

Nikamuuliza na ule unga. Ule wa juu ya kabati.

Mama alinitazama kwa muda. Kisha akageukia vikombe vyake.

Swali hilo sijalirudia mpaka leo. Jibu lolote kati ya mawili siliwezi.

Nilipofika mlangoni akaniita. Akasema yule dada lazima ataniuliza kama Baba alimtaja. Nimwambie hakuwa na fahamu, hakumtaja mtu. "Ukimwambia ukweli utampa mzigo wa bure. Aliyekufa harudi."

Na niseme ukweli, lile neno lilikuwa na busara ndani yake. Ndicho kilichonitisha.

Makaburini, baada ya udongo kumiminwa, dada akanifuata. Mdogo wangu alikuwa pembeni yangu. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, karibu, anasikia kila kitu.

"Samahani mdogo wangu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita hivyo. "Mgonjwa wetu, kabla hajaondoka, alinitaja?"

Mama akainua uso.

"Kila siku," nikasema.

Akaniuliza alisema nini. Nikamwambia lilikuwa linatoka nusu tu. Nikalitamka kama Baba alivyolitamka, pumzi katikati. Chai... kof.

Akacheka. Kicheko kifupi kilichogeuka kilio kabla hakijafika mwisho. Akasema ndivyo hasa Baba alivyokuwa anamwita, anakaza pale katikati, Kiingereza chake cha darasani.

Alilia mpaka akatulia. Akajifuta. Akauliza kwa sauti ya chini sana:

"Mbona hamkuniita?"

Mdogo wangu akatazama viatu vyake.

"Tulidhani anaomba chai," nikasema.

Hata masikioni mwangu mwenyewe ilisikika kama dhihaka. Dada alinitazama kama mtu aliyesemeshwa lugha asiyoijua. Akainama, akachukua udongo kidogo, akauweka juu ya kaburi, akaondoka. Hakusubiri chakula wala kuaga.

Mzee Besi aliniambia baadaye kwamba anaishi mji huu huu. Anashona sare za shule. Kutoka kwetu mpaka kwake ni basi moja.

Basi moja.

Nilimpigia kwa namba aliyonipa Mzee Besi, hakupokea. Nikaandika ujumbe, akausoma, hakujibu. Simlaumu. Mdogo wangu naye alihamia mji mwingine na lori lake, siku hizi anatuma hela, sauti hatumi.

Nikabaki na Mama. Tunakula meza moja hatuongei. Amekonda, magoti yamemshinda.

Hivi karibuni akaniambia, bila kunitazama, nimpeleke kwa yule binti.

Tulikwenda. Ngazi za lile jengo zilimtesa, akapumzika kila kona. Nikagonga mlango. Ndani cherehani ikanyamaza.

Dada akafungua. Alituona, hakusema karibu wala ondokeni.

Mama akafungua mdomo. Neno halikutoka. Akajaribu tena, midomo ikatetemeka, akashika ukuta. Nilitaka kumsaidia, nilijua alichokuja kusema, lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu.

Dada akaniinulia mkono. Ninyamaze.

Akasubiri. Alisimama pale na uzi mweupe umemning'inia begani, akamtazama mwanamke aliyemfukuzisha kwao, akasubiri. Watu walipanda ngazi wakatupita. Mama alikuwa anatweta.

"Nisamehe," hatimaye Mama akasema. Akamwita kwa jina lake. Lile la kuzaliwa, ambalo mimi hata sikuwa nikilijua.

Dada akalisikiliza mpaka mwisho. Akaitikia kwa kichwa, kuonyesha kwamba amesikia.

Kisha akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza.

Tukashuka ngazi. Mpaka leo mlango ule haujafunguliwa, na sijui kama utafunguliwa.

Ndugu yangu unayesoma hapa, kama nyumbani una mgonjwa aliyebakiwa na nusu ya neno, usimmalizie kwa lile linalokufaa wewe. Vuta kiti, ukae, umsubiri. Na kama unalijua analolitafuta, lakini linakuuma, liseme hivyo hivyo likikuuma, ukamwite huyo anayeitwa. Sisi dada yetu alifika Baba hasikii tena, na Baba alipokuwa bado anasikia hatukumwita.